Mama Anasema Benard Amekuja Tena

"Hapo usikae," Mama Benard alisema. "Hapo ni pa Benard."

Shivachi alikuwa ameshainama nusu. Akasimama tena, akaangalia chumba. Kulikuwa na kochi dogo ambalo mama na binti yake Celine walikuwa wamelijaza, kitanda nyuma ya pazia, na hicho kiti cha mbao chenye mto wa maua. Basi. Celine akainuka haraka kumpisha, akapindua ndoo akaikalia kando ya jiko, uso ukimwaka kwa aibu.

Alikuwa amemwambia Shivachi kwamba kaka yake alikufa miaka tisa iliyopita. Hakuwa amemwambia kwamba kiti chake bado kinamngoja.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Kisumu Ndogo, Kibera. Celine Awiti alikuwa na miaka thelathini na nne na hakuwahi kuishi nyumba nyingine. Alikuwa anashona nguo kwenye kibanda upande wa Makina, na huko ndiko Shivachi alimpata. Shivachi alikuwa fundi wa makochi kutoka Kawangware, mtaa unaoitwa 46, mtu wa kuongea polepole, na alikuja siku moja kutafuta wa kumshonea mito ya viti vya mteja. Akarudi na kazi nyingine. Halafu akaanza kurudi hata bila kazi. Sasa walikuwa wamependana zaidi ya mwaka, na leo alikuwa amevaa suruali mpya na kubeba mkate na sukari kuja kujionyesha kwa mama.

Mama Benard alimuuliza maswali ya kawaida. Kwao ni wapi, anaenda kanisa gani, wazazi wako hai. Shivachi alijibu vizuri. Kwao ni upande wa Kakamega, mama yake yuko, baba alishakufa. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, na Celine akaanza kupumua.

"Nimekusikia," mama alisema mwishowe. "Nitamwambia Benard. Yeye ndiye mwanaume wa hii nyumba, yeye ndiye atasema."

Shivachi akatabasamu akidhani ni utani. Kisha akaona hakuna mwingine anayetabasamu.

Celine alimsindikiza mpaka kwenye reli. Walitembea wakipishana na watu waliotoka kanisani, mpaka Shivachi akasimama.

"Celine, mama yako anajua Benard alikufa?"

"Anajua. Yeye ndiye alimzika."

"Sasa mbona anaongea hivyo?"

"Ni vile amezoea."

"Na wewe? Wewe umezoea?"

Celine akaangalia reli ikipotea kati ya mabati. Alitaka kumwambia kwamba kila siku yeye mwenyewe hupangusa hicho kiti vumbi, na kwamba hajawahi kukikalia hata mama akiwa sokoni. Akamwambia tu aende salama.

Hadithi ya Benard, vile mama alivyoisimulia kwa miaka tisa, ilikuwa fupi. Benard alikuwa fundi wa mawe, kijana mzuri, aliyeleta kila alichopata nyumbani. Halafu akampata mwanamke wa Kawangware aitwaye Mildred. Mama akamkataa huyo mwanamke. Benard akabeba nguo zake akaenda kuishi naye. Baada ya miezi michache mama akapigiwa simu akaambiwa mtoto wake amekwisha. Hakuna aliyemwambia hata kwamba anaumwa. Mildred alimficha huko mpaka akafa, na ndiyo sababu mama alimfukuza kwenye mochari na kumkataza kukanyaga kwao kijijini Ugenya siku ya mazishi. Kisha mama angemalizia kwa maneno yale yale: angekaa nyumbani angekuwa hai.

Celine aliyasikia maneno hayo tangu akiwa na miaka ishirini na tano. Yalikuwa yameingia ndani yake mpaka hakujua tena ni ya mama au ni yake. Mtu akitoka, anakufa. Kwa hivyo hakutoka. Aliitwa kwenye kiwanda cha nguo Athi River, kazi na nyumba, akakataa. Alipendwa na kijana mpole aliyeitwa Walubengo, ambaye alingoja, akangoja, mwishowe akaoa mwingine. Hata nywele hakusuka bila kumuuliza mama ni mtindo gani. Siku ya kwanza kwenda kwa Shivachi, alikuwa amesimama jikoni kwake na sufuria mkononi, akapiga simu Kibera kuuliza kama atie tangawizi kwa chai. Shivachi alicheka sana siku hiyo. Celine pia alicheka, lakini alingoja jibu kabla ya kutia.

Na si kwamba mama alikuwa amemfunga tu. Celine mwenyewe hakuweza kulala bila kusikia pumzi ya mama kando yake. Mama alikuwa ndiye ukuta wa mgongo wake. Alijua hivyo, na lilikuwa jambo la kumtia hofu kuliko lingine lolote.

Asubuhi baada ya Shivachi kuja, adhana ya Makina ilipokuwa inaisha, Celine alifungua macho akamkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, leso mabegani.

"Benard amekuja tena," mama alisema.

"Lini, Mama?"

"Sasa hivi. Amesimama hapo nje. Amekohoa, lakini hakuingia."

Celine aliangalia mlango. Ulikuwa umefungwa kwa komeo kama walivyouacha. Mwangaza mdogo ulikuwa unapita chini yake.

"Amesema nini?"

"Ameniuliza kama na wewe unaenda Kawangware."

Mama hakulia wala hakupandisha sauti. Aliinuka, akawasha jiko, akaweka chai. Celine alibaki kitandani na blanketi mpaka kidevuni, na ndani ya kelele za watu wanaoamka, milango, redio, ndoo za maji, akasikia kikohozi. Kikavu, cha mtu mzima, mara mbili. Katika nyumba za mabati zilizobanana hivyo, kikohozi kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Alijiambia hivyo. Lakini hakuinuka kwenda kuangalia.

Kabla ya kufungua kibanda alimwandikia Shivachi: "Nimefikiria sana. Mimi siwezi. Tafuta mtu mwingine, na tafadhali usinipigie."

Shivachi alipiga hapo hapo. Simu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Jioni akiwa nyumbani ilikuwa bado inalia. Mama alikuwa anapepeta omena, dagaa wa kuuza kesho. Akauliza ni nani, kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Zima."

Celine akazima.

Wiki zikapita. Benard akawa anakuja mara kwa mara, na kila akija mama alikuwa na neno lake. Siku moja amesema omena zinyunyiziwe maji ya chumvi. Siku nyingine amesema Celine amekonda, ale. Celine alikuwa amekonda kweli. Alianza kusikia kikohozi hata akiwa kazini, chini ya mlio wa cherehani, na akisimamisha cherehani asikilize, hakuna kitu. Wateja walianza kumwambia mishono imepinda. Mama alimpikia uji, akamfunika miguu, akamwita mtoto wake mzuri. Celine alikunywa ule uji na kulia, kwa sababu ulikuwa mtamu, na kwa sababu alijua atakunywa huo huo mpaka azeeke.

Huko Kawangware, Shivachi hakutafuta mtu mwingine. Alikuwa anakumbuka jambo moja. Celine aliwahi kumwambia kwamba kaka yake alifia 46, kwa mwanamke aitwaye Mildred. Na yeye anakaa 46. Akaanza kuuliza wapangaji wa zamani, akienda kupeleka makochi anauliza, mpaka mzee mmoja mwenye duka la simiti akamwambia kwamba anamjua Mildred, ni yule anayeuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, hajawahi kuhama.

Ujumbe ulimfikia Celine Ijumaa akiwa kibandani.

"Sikusumbui kwa mapenzi. Nimempata Mildred wa Benard. Nimeongea naye. Kuna kitu hamkuambiwa. Kuja umsikie, hata kama baadaye hutaki kuniona."

Aliusoma mpaka macho yakauma. Jumamosi alimwambia mama anaenda soko la Gikomba kutafuta zipu. Ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu awe mtu mzima, na alipoutoa mdomoni mama hata hakumwangalia. Alimwambia tu awahi kurudi.

Shivachi alimpokea kwenye steji ya matatu. Hakumshika mkono. Alimtembeza kupita vibanda vya mitumba na banda lake la kazi, wakakata uchochoro, wakasimama mbele ya mlango wa bluu ulioliwa na kutu chini.

"Ni hapa," alisema. "Mimi nitangoja nje kama unataka."

"Ingia na mimi."

Mildred alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene kidogo, kitambaa kichwani, mikono yenye alama za moto wa sufuria. Miaka yote Celine alikuwa amemfikiria mrembo mwenye kucha ndefu. Mwanamke huyu aliwakaribisha, akatoa ndoo ya mahindi juu ya stuli ili wakae, na akamwangalia Celine usoni kwa muda.

"Mnafanana hapa," alisema akijigusa kwenye nyusi.

Celine hakujua aanzie wapi. Akauliza kitu cha kwanza kilichokuja, kwa nini hakuwahi kuhama. Mildred akatazama mikono yake.

"Nikihama atanipata wapi?"

Alisema kama mtu anayesema bei ya githeri. Shivachi akainamisha kichwa. Na Celine, ambaye alidhani ni Kisumu Ndogo peke yake ambako wafu wana mahali pa kukaa, akaanza kumwona huyu mwanamke.

Mildred alieleza pole pole. Benard alianza kukohoa akiwa bado kwao Kibera. Mama yake alisema ni vumbi la mawe. Alipohamia huku, Mildred ndiye alimpeleka kliniki, akaambiwa ni kifua kikuu na kimeshaenda mbali. Dawa zilianza zimechelewa. Alipoona hali inakuwa mbaya, Mildred alitafuta namba ya Mama Benard akampigia, akamwomba aje hata kama anamchukia.

"Akaja?" Celine aliuliza.

"Alikuja."

"Mama yangu alikuja hapa?"

"Alisimama hapo nje, karibu na huo mlango. Mimi nilitoka nikampisha kabisa, nikaenda mpaka kwa jirani, ndio asinione. Benard aliposikia sauti yake alijikokota akakaa kitandani. Akamwita, Mama, ingia. Mama akasema, siingii nyumba ya huyo mwanamke. Kama unataka mama, toka ukuje."

"Na Benard?"

"Hangeweza kusimama, Celine. Alijaribu kuongea, kikohozi kikamshika. Akakohoa, akakohoa. Mama alikuwa hapo nje akisikia. Alingoja kidogo, halafu akaenda. Sijui kama alijua Benard hawezi kutoka. Mimi hilo sijawahi kujua." Alivuta kitambaa chake kichwani. "Hiyo wiki ndio akatuacha."

Kikohozi nje ya mlango. Mtu aliyesimama, hakuingia. Kila asubuhi mama alikuwa anamsimulia jambo lililotokea kweli, ila alikuwa amemweka Benard nje, mahali aliposimama yeye.

"Alikuwa anakungoja wewe pia," Mildred alisema. Hakusema kwa ubaya. "Alisema alikupigia."

Ni kweli. Benard alimpigia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, akamwambia, Awiti, si ukuje uniangalie kidogo. Celine alimuuliza mama, mama akasema angoje Benard atulie kwanza, ataenda wiki ijayo. Akangoja. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote jambo hilo, hata Shivachi. Sasa alilisema lote kwa sauti, mbele ya mwanamke ambaye alifundishwa kumchukia, na alipomaliza Mildred alikuwa ameshavuta stuli yake karibu na kumshika magoti.

Alirudi Kibera jua likiwa bado juu. Mama alikuwa kwenye kona yake akiuza, akamwona hana mfuko wowote mkononi. Alifunga biashara mapema bila kuambiwa, akamfuata nyumbani. Ndani, alichukua ungo akaanza kuchambua omena ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

"Mama, sikuenda Gikomba. Nilikuwa Kawangware."

Vidole viliendelea kuchambua.

"Nimeongea na Mildred."

Vidole vikasimama.

"Ulienda," Celine alisema. "Miaka yote unaniambia hukujua anaumwa, na ulienda ukasimama kwa mlango. Ulimsikia akikohoa."

Nje mtu alikuwa anapiga mswaki na kutema. Mama aliweka ungo chini taratibu.

"Nilimsikia," alisema.

"Mbona hukuingia?"

"Nilidhani ni kiburi. Nilidhani amelala huko ndani anangoja mimi nishindwe. Nikajiambia, kesho atakuja mwenyewe. Alikuwa anakuja kila mara tukikosana. Kila mara." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Nilisimama hapo mpaka miguu ikaniuma, Awiti. Nilikuwa nataka tu atoke."

"Mbona uliniambia Mildred alimficha?"

"Ungeniangalia vile unaniangalia saa hii."

Celine aliketi. Hakuwa ameangalia ameketi wapi, na mama hakusema kitu, ingawa alikuwa kwenye kile kiti cha mbao.

"Na mimi alinipigia," Celine alisema. "Wewe ndiye ulinikataza. Ukaniambia ningoje."

Mama alimwinulia macho mekundu.

"Ulikuwa na miaka ishirini na tano. Nani alikufunga miguu?"

Lilikuwa neno baya, na mama mwenyewe alionekana kutaka kulirudisha. Lakini lilikuwa limeshatoka, na Celine akalisikiliza likizunguka chumba. Hakuna aliyemfunga. Si wakati ule, si Athi River, si kwa Walubengo. Alikuwa ameuliza kila kitu ili asibebe chochote. Alimwachia mama maamuzi yote, kisha akamlaumu kimya kimya kwa kuyabeba. Aliogopa kidogo jinsi jambo hilo lilivyokuwa wazi.

"Hakuna," alisema. "Umesema ukweli, Mama. Hakuna mtu alinifunga." Alivuta pumzi. "Sasa mimi naenda kuolewa na Shivachi. Sikuulizi. Nakuambia."

"Ukienda nitakufa hapa peke yangu."

"Labda utakufa. Labda mimi ndio nitatangulia, hakuna anayejua. Nitakuwa nakuja kukuona. Ukiwa mgonjwa uniite, nitakuja mbio. Lakini sitakuja tena kwa sababu Benard amekohoa."

Mama alijifunika uso kwa leso. Celine alimshika mabega mpaka akatulia, wakala bila kuongea, wakalala kitanda kimoja kama kawaida. Wiki iliyofuata aliondoka na sanduku na cherehani yake, ambavyo Shivachi alibeba kwa mkokoteni aliouazima. Mama hakutoka nje kumuaga.

Walifunga ndoa kanisani Kawangware mwezi wa nne. Ndugu za Shivachi walijaa upande wao wakiimba Kiluhya. Upande wa bibi harusi kulikuwa na wanawake wawili wa omena kutoka Kisumu Ndogo, dada mmoja wa kanisa, na Mildred, aliyekuwa amejitolea kupika. Celine aligeuka kuangalia mlango mara nyingi mpaka pasta akatabasamu. Shivachi alimnong'oneza kwamba wanaweza kungoja kidogo zaidi. Akamwambia hapana, waendelee.

Maisha mapya hayakumjia kwa urahisi. Usingizi ulimkataa. Aliamka alfajiri akitafuta pumzi ya mama, akakuta mgongo wa mwanaume, na ilimchukua muda kukumbuka yuko wapi. Wakati mwingine alisikia kikohozi nje ya mlango. Asubuhi moja alishindwa kuvumilia, akamgusa Shivachi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni nani?"

Shivachi aliinuka bila viatu, akafungua mlango wote, akatoka mpaka uchochoroni. Akarudi na baridi mwilini.

"Hakuna mtu. Unataka niache wazi?"

Celine alifikiria. "Acha wazi," alisema. Wakalala hivyo mpaka jua likaingia mpaka miguuni mwa kitanda, na majirani waliopita wakawasalimia kwa mshangao.

Mama alikuwa hapigi simu, na Celine akipiga alijibiwa kwa neno moja moja. Niko. Nimekula. Haya. Jumamosi alienda Kibera, akafua, akapika, wakakaa bila mengi ya kusema. Mama alikuwa amepungua. Jina la Benard halikutajwa tena katika nyumba hiyo, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko kikohozi.

Halafu siku moja, mchana, Celine akiwa anapinda mapazia ya mteja kwenye banda la Shivachi, simu ikaita.

"Huyo msichana bado yuko huko?" mama aliuliza. Hata salamu hakuna.

"Mildred? Si msichana tena, Mama. Yuko."

"Bado anakaa nyumba ile?"

"Ile ile."

Celine alisikia soko nyuma ya mama, mtu akiita bei.

"Nataka kumuuliza kitu," mama alisema. "Mwambie. Akikataa ni sawa."

Mildred hakukataa. Aliacha sufuria iungue kidogo, kisha akasema aje Jumapili, mchana, yeye akiwa hajaenda kazi.

Mama Benard alifika 46 na nguo zake za kanisa, nyeupe zenye ukanda wa bluu. Shivachi alimsalimia kwa heshima akataka kumbebea kikapu, akampa. Hakutaka kupumzika kwao kwanza. Alijua njia. Alikata uchochoro mwenyewe, mbele yao wote, mpaka kwenye mlango wa bluu.

Mlango ulikuwa wazi. Mildred alikuwa amesimama ndani, mikono imeshikana tumboni.

"Karibu, Mama," alisema.

Mama alisimama. Watu wa ploti walipita na ndoo zao. Celine alitaka kumshika kiwiko amsaidie, Shivachi akamzuia kwa kumgusa tu. Mama aliinua mguu mmoja, akaurudisha, kisha akainama kidogo kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, na akaingia.

Alikataa kuketi. Aliangalia chumba chote, dari ya boksi, meza, kitanda kilichosukumwa ukutani.

"Alikuwa analala upande gani?"

Mildred akamwonyesha upande wa ukuta. Mama akapaangalia sana, lakini hakupakaribia.

"Nimekuja kukuuliza," alisema. "Kila siku huwa najiuliza, na hakuna mwingine anayejua. Mwisho wake alisema nini? Usinifiche. Kama alinilaani, niambie."

Celine alimwangalia Mildred. Angeweza kusema lolote. Miaka tisa iliyopita alinyimwa hata kumwona akizikwa, na sasa aliyemnyima alikuwa amesimama mbele yake mikono mitupu, akingoja.

"Hakukulaani," Mildred alisema. "Hakusema mambo mengi, Mama. Alikuwa amechoka. Aliomba maji."

"Maji?"

"Maji tu."

"Na ulimpa?"

"Nilimpa. Nilimshika kichwa akanywa kidogo, halafu akalala."

Mama Benard aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu kitu ndani yake. Machozi yalikuwa yanashuka bila sauti na hakuyafuta.

"Asante," alimwambia.

Ndipo mama alipoketi, kwenye stuli ya chini karibu na sufuria za githeri, nguo yake nyeupe ikigusa sakafu. Akamwambia kwamba Disemba yeye na Celine wataenda Ugenya kupalilia kaburi, na kwamba kuna nafasi ya mtu wa tatu.

"Sijui njia ya huko," Mildred alisema.

"Tutaenda pamoja," mama akasema.